Chefu, polisi, parke au mahakama moja kwa moja: upite njia gani ukitendewa kosa Lubumbashi

Mtu akiibiwa, akipigwa au akitapeliwa hapa Lubumbashi, ana njia nne za kudai haki yake kabla ya yule aliyemkosea kusimama mbele ya hakimu. Anaweza kwenda kwa chefu wa kartye, yaani wa mtaa, au kuketi na familia ya yule mtu. Anaweza kwenda polisi, kwa OPJ, yaani ofisa anayeruhusiwa kupokea mashtaka na kufanya uchunguzi. Anaweza kuandika barua parke, kwa waendesha mashtaka wa serikali. Na anaweza kumwita mtu mahakamani yeye mwenyewe, bila kungoja parke.

Wengi wanazijua mbili za kwanza tu. Nimesindikiza majirani wa Katuba na wa Kenya, komine za mji huu, kwenye ofisi hizi, na ninachokiona kila mara ni kwamba mtu anaingia ofisi iliyo karibu na nyumba yake, anaambiwa "rudi kesho", na baada ya kesho nyingi anakata tamaa. Hajui kwamba njia nyingine bado iko wazi, wala hajui kwamba ile aliyopita ilikuwa na haki ambazo hakuna aliyemwambia. Wakati huu wa mwanzo, dosye, yaani faili ya kesi, ikiwa bado haijafika mahakamani, ndio wakati ushahidi unapotea na watu wanapolegea. Kwa hiyo ninalinganisha njia hizi nne kwa kipimo kimoja: nani anashika karatasi, na nani ana uwezo wa kuizimisha kesi yako.

Mambo matatu ya kujua mbele ya kutoka nyumbani

La kwanza: kumfuata mtu kwa kosa la jinai ni kazi ya parke kwa jina la jamii. Wewe unashtaki, parke ndiyo inaamua kama itapeleka dosye mahakamani au itaifunga bila kuendelea. Ndiyo maana mtu anaweza kusamehe na kesi ikaendelea, au akakataa kusamehe na kesi ikafungwa. Ila fidia ya hasara uliyopata ni haki yako mwenyewe, na parke ikifunga dosye haijaifunga haki hiyo.

La pili ni muda. Kitabu cha kwanza cha sheria ya jinai ya Kongo, ile ya 1940, kinaweka miaka ambayo ikipita kosa haliwezi tena kufuatwa. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka 1 wa kifungo linakufa baada ya mwaka 1. Lile lisilozidi miaka 5, baada ya miaka 3. Linalozidi hapo, baada ya miaka 10. Sasa tazama kipigo cha kawaida, kisichomwacha mtu mgonjwa au ashindwe kufanya kazi: adhabu yake ni siku 8 hadi miezi 6. Maana yake una mwaka mmoja tu. Wizi wa kawaida unafika miaka 5, basi una miaka mitatu. Ubakaji ni miaka 5 hadi 20, una miaka kumi. Mtu aliyepigwa akapewa ahadi za upatanisho kwa miezi kumi na minne hana tena kesi ya jinai, hata kama makovu yanaonekana.

La tatu: deni tupu si kosa la jinai. Mtu uliyemkopesha dola akashindwa kulipa, mpeleke kwenye kesi ya madai. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni, na Kongo imekubali mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Ni tofauti kama alikudanganya tangu mwanzo ili utoe pesa, huo ni utapeli. Na ni tofauti kama ulimpa kitu akitunze au akitumie kwa kazi fulani akakiuza, hilo ni kosa la kuvunja uaminifu. Yote mawili yana adhabu ya miezi 3 hadi miaka 5. Hakikisha kwanza uko upande gani, kwa sababu ofisa atakayekubali "kumkamatia" mdeni wako leo, kesho anaweza kukukamata wewe kwa ajili ya mwingine.

Kwa baba chefu

Sidharau njia hii. Mtoto wa jirani amevunja kioo chako, watu wawili wametukanana na kusukumana kisimani, mtu ameiba kuku na anajulikana: kikao cha nusu siku chini ya mwembe kinamaliza jambo ambalo parke ingelibeba miezi. Mnazungumza lugha yenu, mnajuana, na kesho mtaendelea kupishana kwenye avenyu ileile. Aliyekosa akilipa, umepata kitu mkononi.

Udhaifu wake ni kwamba chefu wa kartye si hakimu. Hana ruhusa ya kumfunga mtu, wala kumtoza faini, na karatasi yake haimlazimishi mtu kulipa. Yule akikataa mwezi ujao, unaanza upya huku muda wa sheria ukiendelea kutembea. Kikao hakiusimamishi.

Ukichagua njia hii, dai karatasi. Iandikwe tarehe, tendo lililofanyika, kiasi cha kulipa, siku ya mwisho ya kulipa, na sahihi za pande zote mbili pamoja na mashahidi wawili. Yule mtu akikubali kwa maandishi kwamba alifanya, una ushahidi mzuri wa kupeleka mbele akishindwa kulipa. Na usikubali kamwe kuweka sentensi ya "sitamshtaki tena" kabla pesa haijafika mkononi mwako. Nimeona watu wakisaini hivyo kwa sababu wazee walikuwa wanawatazama na ugali ulikuwa umeshaiva.

Kwa ubakaji njia hii haipo. Nitarudi hapo.

Kwa OPJ

Polisi wana jambo moja ambalo njia nyingine hazina: wanaweza kutoka sasa hivi. Ukiporwa simu saa mbili usiku karibu na soko la Kenya na umemtambua kijana, barua ya parke ya Jumatatu haitamkuta na simu. Nyumba imevunjwa usiku, alama ziko, majirani wamesikia: OPJ ndiye anayekuja kuona, kuandika, kuchukua vitu, kuhoji. Kwa kosa bichi, nenda polisi saa ileile, hata kama unajua mwenyewe kwamba baadaye utahamia parke.

Kushtaki polisi hakuna bei. Unaweza kuombwa pesa ya karatasi, ya kalamu, ya mafuta ya kwenda kumkamata mtu. Hizo ni matabishi, hakuna sheria inayokudai. Ninajua kwamba kusema hivi ni rahisi kuliko kusimama mbele ya meza na kukataa, na simlaumu mama anayetoa. Lakini ukitoa, usifikiri umenunua kesi: mpinzani wako naye anaweza kutoa, tena zaidi.

Ulichokuja kukipata pale ni PV, maandishi ya maelezo yako. Hapa nitakaa kidogo, maana kesi nyingi zinaharibika kwenye karatasi hii. Unasimulia kwa Kiswahili, ofisa anaandika kwa Kifaransa, mara nyingi kwa mkono, anafupisha. Mwishoni anageuza karatasi upande wako: "Mama, tia sinyatiri apa, bintu byote biko mule." Juu ya nafasi ya sahihi kuna maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba umesomewa, umekubali na unashikilia ulichosema. Ukitia sahihi bila kusomewa, umethibitisha jambo ambalo halikutokea. Dada mmoja niliyemsindikiza alisema tu, kwa upole, "Komanda, unisomee mu Kiswahili mbele ya kutia sinyatiri." Akasomewa. Kumbe "watu wawili, mmoja ana panga" ilikuwa imeandikwa "mtu mmoja", na panga halikuwemo. Kwa sheria hiyo ni tofauti kubwa: wizi wa kawaida haupiti miaka 5, wizi wa kutumia nguvu ni miaka 5 hadi 20, na hata mahakama inayousikiliza inabadilika. Ofisa alirekebisha, wote wawili wakaweka alama pembeni ya marekebisho. Ilichukua dakika chache tu.

Kama umeumizwa, mwombe OPJ karatasi ya kumtaka daktari akupime, na uende hospitali siku hiyohiyo. Kama una hali mbaya, hospitali kwanza, Sendwe au kituo chochote kilicho karibu, karatasi itafuata. Maelezo ya daktari yanaweza kubadilisha jina la kosa: kipigo kilichomletea mtu ugonjwa au kushindwa kufanya kazi kina adhabu ya miaka 2 hadi 5, na muda wako wa kushtaki unaongezeka kutoka mwaka mmoja hadi mitatu.

Una haki ya kuwa na mtetezi pale pale polisi. Kifungu cha 19 cha Katiba ya 2006 kinasema kila mtu anaweza kusaidiwa na mtetezi anayemchagua katika ngazi zote za kesi ya jinai, hata wakati wa uchunguzi wa polisi. Watu wanadhani ni haki ya mshtakiwa peke yake.

Halafu kuna jambo linaloleta machozi mengi. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema mtu aliyekamatwa hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, ama anaachiliwa ama anapelekwa kwa mamlaka ya sheria. Kwa hiyo usishangae ukimkuta mtu wako barabarani siku ya tatu, na usikimbilie kusema kesi imeuzwa. Inawezekana imeuzwa. Inawezekana pia kwamba sheria imefuatwa na dosye iko njiani kwenda parke. Kuwa buloko, yaani mahabusu ya polisi, si hukumu, na kutoka buloko si mwisho wa kesi. Uliza swali moja tu: PV imepelekwa parke tarehe gani? OPJ anafanya kazi chini ya parke, hana ruhusa ya kuamua mwenyewe kwamba dosye ibaki kwenye kabati.

Jambo jingine la kuangalia ni faini ya makubaliano. Kwa makosa madogo, OPJ au majistra wa parke, yaani mwendesha mashtaka, anaweza kumwambia mkosaji alipe kiasi fulani, akilipa kesi ya jinai kwa kawaida inaishia hapo. Pesa hiyo ni ya hazina ya serikali, wewe hupati hata faranga. Ukisikia mazungumzo ya faini yameanza, taja fidia yako palepale na iandikwe. Ikishindikana, bado unaweza kuidai mbele ya mahakama ya madai: kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia kinamlazimisha aliyesababisha hasara kwa kosa lake kuilipa.

Barua kwa parke

Hakuna sheria inayosema lazima uanzie polisi. Unaweza kumwandikia mwendesha mashtaka wa Jamhuri moja kwa moja, na kwa mambo mengi hii ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu ya kitu kidogo sana: muhuri.

Andika barua yako nakala mbili. Sema wewe ni nani na unaishi wapi, unamshtaki nani (au "mtu asiyejulikana"), nini kilitokea, wapi, tarehe na saa gani, nani aliona, umepata hasara gani. Ambatisha fotokopi za karatasi ulizo nazo na ubaki na orijino nyumbani. Barua inaandikwa kwa Kifaransa, lakini haihitaji Kifaransa kikubwa. Mwanafunzi yeyote wa sheria wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, atakuandikia ukurasa mmoja safi. Pale sekretarieti, nakala moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa na inarudi na wewe. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema hukuja.

Dosye ikifunguliwa inapewa namba ya RMP, daftari la parke, na inakabidhiwa kwa majistra mmoja. Ishike namba hiyo kama unavyoshika namba ya simu yako. Ukienda kuuliza habari bila RMP unarudishwa. Ukiwa nayo, lazima watafute. Majistra ana nguvu kuliko OPJ: anatoa konvokasyo, yaani barua ya wito, anaweza kuagiza mtu aletwe kwa nguvu, anawakutanisha uso kwa uso. Anaweza pia kutoa hati ya kumfunga kwa muda, lakini hati hiyo inakaa siku 5 tu. Baada ya hapo hakimu ndiye anayekubali au kukataa, kwa siku 15 kwanza, kisha mwezi kwa mwezi.

Sasa udhaifu. Parke ni polepole, na majistra ana dosye nyingi. Uchunguzi ni wa siri, huna haki ya kufungua dosye na kuisoma upendavyo. Kwa wakati huu wewe bado ni mshtaki tu: kuwa upande kamili wa kesi unaodai fidia kunaanza dosye ikishafika mahakamani, na unaweza kujitangaza hivyo wakati wowote mpaka mwisho wa mabishano. Halafu kuna lile nililosema mwanzo, parke inaweza kuifunga dosye ikiona haifai kuendelea.

Dosye ikilala, usiende kupiga kelele mlangoni. Andika barua ya kukumbusha yenye namba ya RMP, nayo igongwe muhuri. Kama hakuna jibu, mwandikie Mwendesha Mashtaka Mkuu kwenye Mahakama ya Rufaa ya Haut-Katanga, ukiambatisha nakala zote zenye mihuri. Parke inafanya kazi kwa ngazi, wa juu anaweza kumuuliza wa chini. Ndiyo faida ya ile mihuri: unamwonyesha tarehe, humpelekei malalamiko ya mdomo.

Kumwita mwenyewe mahakamani

Hii ndiyo njia ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Kifungu cha 54 cha sheria ya mwenendo wa jinai, ya 6 Agosti 1959, kinasema mahakama inaweza kupokea kesi kwa mwito uliotolewa na parke au na mtu aliyetendewa kosa. Wewe na wakili wako mnaandika mwito, grefye, karani wa mahakama, anaupa namba na tarehe, wisye, mjumbe wa mahakama, anaupeleka kwa mshtakiwa. Lazima zipite siku 8 kamili kati ya kupokea mwito na siku ya kufika. Kosa lisilozidi miaka 5 linaenda mahakama ya amani, ile tunayoiita tripe. Linalozidi hapo linaenda mahakama kuu, TGI.

Uzuri wake: hakuna wa kuifunga dosye yako njiani. Hata kama parke ilikuwa imeifunga, unaweza kupita hapa. Tangu siku ya kwanza wewe ni upande wa kesi na fidia yako iko mezani.

Ubaya wake si mdogo. Hakuna uchunguzi, ushahidi wote unaubeba wewe. Hakuna anayekamatwa ili aletwe. Mshtakiwa anapokea karatasi nyumbani kwake, na kama ni mtu wa vitisho, anajua siku hiyohiyo nani amemshtaki. Inakubidi umjue kwa jina na anwani. Kuna wakubwa wa serikali ambao sheria imewawekea mahakama maalumu, hao huwezi kuwaita hivi. Grefye anakudai uweke pesa ya dhamana ya gharama. Na kama umemwita mtu bila msingi, naye anaweza kukudai fidia katika kesi hiyohiyo.

Kwa nini basi ninaisifu? Kwa sababu ya parseli. Mji huu umejaa watu walionunua kiwanja ambacho kilikuwa kimeshauzwa kwa mwingine. Kuuza mali isiyohamishika ya mtu mwingine ni kosa lenye jina lake kwenye sheria ya jinai, adhabu yake haipiti miaka 5, na ushahidi wake wote ni karatasi: mkataba wa kuuziana, risiti, fishi ya parseli, mashahidi waliosaini. Muuzaji anajulikana, nyumba yake inajulikana. Hapo polisi wanakuongezea nini? Nimeona dosye za aina hii zikikaa kwa OPJ muda mrefu, kila mara mnunuzi akiitwa "kuja kumalizana", huku muuzaji akijenga.

Kama ni ubakaji

Hapa silinganishi. Kwanza hospitali, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zikichelewa zaidi ya hapo hazitolewi tena, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Usioge kabla ya kupimwa kama unaweza kuvumilia. Nguo weka kwenye karatasi au kitambaa, usiweke kwenye plastiki. Halafu kikosi cha polisi cha kulinda watoto na kuzuia ukatili wa kingono, au parke moja kwa moja.

Sheria mbili za 20 Julai 2006 zimempa aliyebakwa haki za pekee, na zinaanza kabla ya mahakama. OPJ akipokea kesi anapaswa kuiarifu parke ndani ya saa 24. Uchunguzi wa mwanzo haupaswi kupita mwezi 1, na kesi nzima hadi hukumu miezi 3. Wakili anakuwa na aliyetendewa katika hatua zote. Majistra anapaswa kuita daktari na mtaalamu wa saikolojia yeye mwenyewe, bila kuombwa. Anapaswa kulinda usalama, heshima na siri ya aliyetendewa, na aliyetendewa akiomba mahakama isikilize kwa faragha, inafanyika hivyo. Faini ya makubaliano imekatazwa kabisa. Na aliyetendewa akiwa chini ya miaka 18, mkosaji hawezi kujitetea kwamba mtoto alikubali.

Ninajua muda huu mara nyingi hauheshimiwi. Lakini familia inayokaa sebuleni kupokea mbuzi na ahadi ya mahari imemnyang'anya binti haki hizi zote kwa usiku mmoja. Shangazi, mjomba, kaka, mkiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, kataeni kuketi.

Mkosaji mwenye yunifomu, au mtoto

Askari wa jeshi na polisi wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kifungu cha 156 cha Katiba. Barua yako inakwenda kwa oditora, mwendesha mashtaka wa kijeshi, na muhuri udai vilevile. Mkosaji aliye chini ya miaka 18 ni wa mahakama ya watoto, kwa sheria ya 10 Januari 2009, na lengo pale ni kumrekebisha. Hilo halikukatazi kudai hasara yako kwa wazazi wake.

Mimi ningepita wapi

Simu au pochi imeporwa na mtu nisiyemjua: polisi saa ileile, PV isomwe kwa Kiswahili, tarehe ya kwenda parke ijulikane. Wiki mbili zikipita kimya, barua parke.

Ugomvi na jirani ambaye nitaishi naye miaka ishirini, hakuna damu: chefu, kwa maandishi, na siku ya mwisho ya kulipa isizidi miezi miwili ili muda wa sheria ubaki.

Mume anampiga mke, au kaka anampiga dada: daktari na polisi siku hiyo, hata kama hajaamua bado kuendelea. Karatasi ya daktari ya leo haiwezi kupatikana mwezi ujao. Anaweza kuamua baadaye akiwa nayo. Bila hiyo hana cha kuamua.

Nimempa mtu moto yangu, yaani pikipiki, aifanyie taksi, akaiuza Kasumbalesa: kama bado sijui iko wapi, parke, kwa sababu inahitajika nguvu ya kutafuta. Kama yuko nyumbani kwake na ninao mkataba na mashahidi, tripe moja kwa moja.

Parseli iliyouzwa mara mbili: tripe, na wakili mzuri.

Kuhusu wakili, mtu asiye na uwezo asirudi nyumbani. Kila baro, yaani chama cha mawakili, nchini ina ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini, imewekwa na sheria ya mawakili ya 28 Septemba 1979, na baro ya hapa inayo. Pesa ya dhamana ya grefye nayo inasamehewa kwa aliyethibitishwa kuwa maskini; cheti anakiomba kwenye huduma ya mambo ya kijamii. Beba kitambulisho cha mpiga kura, nakala ya barua yenye muhuri na namba ya RMP kama ipo. Ukifika, uliza ofisi ya mashauri ya bure kwa jina lake hilo, maana ukisema tu "natafuta Metre", yaani wakili, wapo vijana mlangoni watakaokupeleka kwa mwingine.